Kabla Hujauliza Amekuwa wa Ngapi

Ndugu msomaji, kuna swali moja ambalo kila mtoto wa mjini analijua hata kabla hajavua viatu vya shule: "Umekuwa wa ngapi?" Haulizwi amejifunza nini, wala ni wapi pamemshinda. Akijibu "wa tatu" ananunuliwa soda na wageni wote wanaambiwa. Akijibu "wa themanini na tatu", hapo hotuba zinaanza, na nyumba nyingine mkanda unavuliwa kiunoni. Mimi sina mtoto. Nina miaka ishirini na kitu, elimu yangu ni ya kidato cha nne, na usiku naandika riwaya kwenye kauntabuku ambayo sasa ni ya tatu na mwisho wake siuoni. Lakini juu ya swali hili nina neno, maana kazi inayonilisha imeniweka mahali ambapo linaulizwa mbele yangu kila mwaka.

Ninafanya kazi kwenye steshenari huko Mbagala Rangi Tatu, karibu na stendi ya daladala. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua za kuombea kazi, tunauza kalamu na bahasha. Baraza la Mitihani likitoa matokeo, kibanda kinafurika. Si kila mtu ana bando kwenye simu, na wengine wanataka karatasi ya kushika mkononi. Mzazi anakuja na mtoto, mtoto anataja namba yake ya mtihani, mimi natafuta shule na kuteremsha ukurasa. Ya kidato cha nne hayana maneno mengi: namba, jinsia, pointi, daraja, na masomo yenye herufi zake. Pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne. Ukiwa na 34 au 35 umekula ziro.

Nimeyasikia mengi pale. "Umeniaibisha." "Kwani waliofaulu wana vichwa viwili?" "Mtoto wa jirani kala wani, we unaniletea foo!" Wasemaji wenyewe si watu wabaya. Ni akina mama waliofunga genge siku hiyo, ni akina baba walioomba ruhusa kazini. Wana hofu. Na hofu ikikosa maneno yake huazima ya hasira.

Mimi, kwa tabia ya mtu anayejifunza kuandika, simwangalii sana mzazi. Namwangalia mtoto. Wengi hawalii, bwana. Wananyamaza tu, macho yanakwenda kwenye waya wa printa au kwenye kalenda ukutani. Mzazi huudhani ukimya ule ni kiburi, au anaona ndiyo kukiri kosa. Nijuavyo mimi, pale mtoto anafunga mlango. Anaamua kwamba kuanzia siku hiyo habari mbaya zikimfika yeye, zitaishia kwake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa ya matokeo mabaya, kuliko hata maksi zenyewe. Maksi chache zinaweza kupanda. Mtoto aliyeacha kukuletea habari utamsaidiaje, na wewe hujui anakoumia?

Mwaka 2022 jambo hili liliingia nyumbani kwetu. Naishi kwa dada yangu na shemeji. Mtoto wao wa kwanza alikuwa kaanza kidato cha kwanza Januari ile, kwenye shule ya kata. Darasa la saba alikuwa amefanya vizuri tu, hadi shemeji akachinja kuku. Julai, shule zilipofunguliwa, ripoti za muhula wa kwanza ziligawiwa, na kila mzazi alitakiwa asaini kipande cha chini kirudishwe kwa mwalimu wa darasa. Ripoti ya mjomba wangu huyu hatukuiona. Dada alipouliza aliambiwa bado hazijatoka.

Siku moja, saa nne asubuhi, nikiwa nakata karatasi nilimwona kupitia dirishani. Yuko stendi, kavaa sare, tai kaikunja kaitia mfukoni. Kasimama na makonda, anaita abiria wa Kariakoo kwa sauti ya kuigiza. Alikuwa anafurahi kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Tayari alikuwa ameshapata sehemu nyingine ambayo hawamuulizi ripoti.

Hapo nilimkumbuka mama yangu. Januari 2018 mimi mwenyewe nilirudi nyumbani na daraja la nne, pointi 27. Mama alikuwa anakaanga vitumbua. Nikamwambia palepale mlangoni, sijakaa. Hakuacha kukaanga. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akanipa viwili na chai, akasubiri. Nilipomaliza ndipo akasema, "Haya baba, niambie. Kulikuwaje?" Nikaeleza yote, hata yale ambayo sikuwa nimekusudia kuyasema. Mwisho akaniambia kwamba mtihani umeniona wiki chache tu, yeye ameniona tangu nazaliwa, kwa hiyo asiletewe mtu wa kumfundisha mwanawe ni nani. Halafu akaniuliza ni somo lipi nililopata vizuri. Nikamwambia Kiswahili, B. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehesabu akiba aliyobaki nayo. Kesho yake ndiyo tukaanza kuzungumza juu ya kazi na nini kifuate.

Basi nikatoka nje nikamwita kijana. "Mjomba, njoo mara moja." Akaja amenywea. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Umekunywa chai?" Alikuwa hajanywa. Nikamnunulia chapati na maharage kwa mama lishe wa jirani, nikaendelea na kazi yangu. Baada ya nusu saa hivi akatoa karatasi soksini, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. "Hairuhusiwi kuingia darasani bila saini, mjomba," akasema. Kumbe mtoto hakuikimbia shule. Alikuwa anaikimbia saini ya baba yake.

Nikaisoma. Hesabu 9. Kemia 11. Fizikia 14. Kiingereza 21. Baiolojia 26. Jiografia 28. Uraia 30. Historia 33. Kiswahili 71. Nafasi, wa 83 kati ya wanafunzi 94. Maoni ya mwalimu: "Ongeza bidii."

Sasa hapa, ndugu msomaji, tulia kidogo na karatasi hii kama nilivyotulia mimi. Jicho la kawaida linakimbilia 9. Linakwenda tena kwenye 83, linarudi kwenye 9, na hapo hukumu imeshatoka: mvivu, hana akili, anacheza. Lakini ile 71 inafanya nini pale? Mtoto mvivu kwenye masomo manane anapata wapi 71 kwenye la tisa? Nikaanza na hiyo. "Kiswahili sabini na moja. Ilikuwaje?" Akashangaa, maana hakutegemea kuulizwa hivyo. Akaanza kunieleza habari za ngeli, na insha aliyoandika juu ya mvua za Mbagala. Akachangamka. Halafu, bila ya mimi kumuuliza, mwenyewe akashuka taratibu mpaka kule chini: "Ila hesabu, mjomba, hesabu zimenipiga."

Nikamwambia anipe karatasi ya mtihani yenyewe, ile iliyosahihishwa. Ripoti inakwambia mtoto ameanguka, lakini haikwambii amejikwaa wapi. Karatasi ya mtihani ndiyo inayokwambia. Alikuwa nayo kwenye begi. Tukakaa kwenye benchi la nje. Swali la pili liliandikwa: Find the product of 12 and 15. Yeye alijibu 27.

"Mjomba, hapa ulifanyaje?"

"Si nilijumlisha. Product si bidhaa? Kwenye sabuni wameandika. Nikaona bidhaa 12 na bidhaa 15, jumla 27."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamuuliza, "Zao la 12 na 15 ni ngapi?" Hakumaliza hata sekunde tano. "Mia na themanini." Kha! Mtoto anajua hesabu. Hakujua swali linasema nini.

Tukachukua na karatasi ya Baiolojia. Kuna swali lilimtaka ataje sifa tatu za viumbe hai, ameliacha wazi. Nilipomtafsiria alinitajia tano: hukua, huzaliana, hupumua, hula, hujongea. Alizisoma darasa la sita huko, kwa Kiswahili. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo kwa maelfu ya watoto wetu. Miaka saba ya shule ya msingi ya serikali wanafundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu. Wakiingia kidato cha kwanza kibao kinageuka: kila kitu ni Kiingereza, Kiswahili ndicho kinakuwa somo moja. Mtoto aliyekuwa anaijua usanisinuru vizuri kabisa Desemba, Januari anakutana na neno photosynthesis ubaoni na anadhani ni jambo jipya. Tukimwambia "ongeza bidii" ataongeza. Atakariri usiku kucha kitu asichokielewa. Bidii bila kuelewa ni kusukuma gari lililofungwa breki.

Lakini nisiwadanganye, si kila kosa lilikuwa la lugha. Tulipitia maswali yote ishirini ya hesabu, tukayapanga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale aliyoyajua ila Kiingereza kilimzuia: yalikuwa saba. La pili ni yale ambayo mada zake zilimpita, kwa sababu siku hizo aliumwa au alikaa nyuma kabisa, kwenye darasa la watu 94, haoni ubao: matano. La tatu ni yale ambayo kweli hakuyaelewa, namba hasi na sehemu: manane. Alipoyaona mafungu yale mtoto alipumua. Ile 9 ilikuwa kitu kimoja kikubwa cheusi kinachomkalia kifuani. Sasa imekuwa mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. La kwanza linataka kamusi na daftari la maneno. La pili linataka kubadilisha kiti na kuazima daftari la mwenzie. La tatu linataka mtu wa kumfundisha polepole.

Ikabaki saini. Shemeji ni dereva wa bajaji, anatoka alfajiri anarudi usiku, na shule yake iliishia darasa la saba. Ni mtu mwema, ila mkanda wake una historia. Nikamwambia mjomba kwamba ripoti ataitoa yeye mwenyewe kwa baba yake, mimi nitakuwa nimekaa pembeni. Kutoa ilikuwa lazima atoe. Ukimfichia mtoto ripoti unamfundisha kufungwa mlango, ni yaleyale.

Usiku, baada ya kula, nikamsogelea shemeji barazani. "Shemeji, kijana ana jambo lake. Lakini kabla hajalileta, nakuomba ujibu swali moja la hesabu." Akacheka, akadhani utani. "Zao la 12 na 15?" "Mia na themanini," akajibu akiwa anafuta miwani. Watu wa nauli hawabahatishi kwenye kuzidisha. Nikampa karatasi asome swali lenyewe lilivyoandikwa. Akaisogeza kwenye taa, akaitazama muda mrefu. Halafu akauliza polepole, "Sasa hapa mimi ningepata ngapi?"

Sikumjibu. Akamwita mwanawe. "We bwana mdogo, njoo ukae hapa." Mtoto akaja na ripoti, mkono unatetemeka. Shemeji akaisoma yote, akanyamaza, tukasikia sufuria za jirani zinaoshwa. Mwisho akasema, "Hii tisa siipendi. Na wewe huipendi, naona. Hebu nionyeshe hayo mafungu." Akasaini saa nne usiku. Mkanda ulibaki kiunoni.

Kuhusu mkanda niseme kidogo. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, ziliweka kwamba fimbo zisizidi nne, mkuu wa shule atoe idhini, na ziandikwe kwenye kitabu. Tena ni kwa makosa mazito ya nidhamu. Kutojua maana ya product hakumo. Huko shuleni angalau kuna anayetakiwa kuhesabu. Nyumbani nani anahesabu? Na baada ya kuchapwa, mtoto anajua maana ya lile neno? Hajui. Kilichoongezeka ni kwamba ataficha vizuri zaidi mara nyingine.

Kuna wanaoniambia, "Wewe mwandishi unawalea legelege. Maksi ni maksi." Sikatai kwamba maksi zina kazi yake. Lakini tusizisujudie. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa, madaraja yakapangwa upya, na Mei mwaka huohuo yakatoka mengine. Baadhi ya waliolala na ziro wakaamka na daraja la nne. Majibu yao yalikuwa yaleyale, wino uleule. Nilikuwa bado shule ya msingi, lakini nawakumbuka makaka wa mtaani kwetu: kwa miezi mitatu waliitwa wajinga, kisha baadhi yao wakaambiwa samahani, mmefaulu. Yale maneno waliyoambiwa nyumbani Februari, nani aliyafuta Mei?

Na Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba linaacha kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Watu wengi walilalamika. Mimi nilifikiria nyumba zetu, ambako orodha ya kumi bora bado inatangazwa kila jioni kwenye mkeka: mtoto wa fulani kafanya hivi, binti wa fulani kafanya vile. Mtoto anayelinganishwa hajifunzi hesabu. Anajifunza kumchukia mtoto wa fulani.

Mjomba wangu hakugeuka kuwa nyota, msinielewe vibaya. Hii si hadithi ya sinema. Tulinunua daftari dogo, kila siku anaandika maneno kumi ya masomo yake, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Jumamosi tulikaa na namba hasi, tukitumia madeni ya dukani: ukidaiwa 500 ukalipa 300, umebaki na nini? Mwalimu wake wa hesabu, nilipokwenda kumwona, alikubali kumsogeza mbele. Desemba alipata 34 kwenye hesabu, ambayo ni D, na alikuwa wa 61. Shemeji hakuchinja kuku. Lakini ripoti ile mtoto aliileta siku ileile ilipotolewa, haijakunjwa, akasema, "Baba, sehemu bado zinanisumbua." Mwaka uliofuata alivuka mtihani wa kidato cha pili.

Nayaandika haya kwenye jarida la vijana, wala siyapeleki kwa wazazi, na nina sababu. Angalieni majumbani mwetu. Nani anasoma ripoti? Baba yuko barabarani, mama yuko sokoni, na karatasi yenyewe mara nyingi imeandikwa Kiingereza. Anaitwa kaka, au dada, au mjomba aliyemaliza fomu foo: "Hebu tusomee, mwenzio kafanyaje?" Sisi ndio wakalimani. Tukisoma "Hesabu 9, wa 83" tukakaa kimya, tumeshatoa hukumu. Tukianza na 71, kisha tukaomba karatasi ya mtihani, tumempa mzazi kitu cha kushika tofauti na mkanda.

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi, ambao wengi wetu tuna daraja la nne au chini yake na kila siku tunaulizwa kwa shule gani tunataka kuandika vitabu, tunajua neno moja likisemwa vibaya linakaa kwa mtu miaka mingapi. Basi ripoti ikifika nyumbani kwako, mpe mtoto chakula kwanza. Muulize lile alilofanya vizuri alilifanyaje. Halafu fungueni karatasi pamoja, swali kwa swali, na ukikuta neno ambalo hata wewe hulijui, mwambie hulijui, mkalitafute wote kwenye kamusi.